Saa Tano Asubuhi na Bi Mkubwa

Kazi yangu ya kwanza Marekani ilikuwa kumlea bibi wa miaka 84 ambaye hakutaka kulelewa. Alitaka dawa zake kwa wakati, chai yake bila sukari, na ikitimu saa tano asubuhi asisemeshwe na mtu. Saa tano ndipo The Price Is Right, mchezo wa tivii wa kukisia bei za vitu, inapoanza kwenye kituo cha CBS. Moyoni nilikuwa namwita Bi Mkubwa. Siku moja jina likaniponyoka mdomoni, akauliza maana yake, nikamweleza, akaona linamfaa.

Hapa ni Dayton, Ohio. Mimi ni mtoto wa Tanga, na mchezo wa zawadi niliokulia nao ni wa vizibo vya soda: unabandua, unasoma ndani, unakuta maneno ya kukuambia ujaribu tena. Kwa hiyo mwaka 2016, nilipokaa mara ya kwanza pembeni ya kiti chake na kuona watu wazima wanarukaruka kwa ajili ya mashine ya kufulia, nilijisemea hawa wana wazimu. Haikupita miezi sita nikawa natokwa jasho viganjani mtu akizungusha gurudumu vibaya.

Mwanzo nilidhani ni matangazo ya biashara yaliyochangamka. Wanne wanaitwa mbele, wanaonyeshwa seti ya makochi, kila mmoja anataja bei, na atakayeikaribia bila kuipita ndiye anayepanda jukwaani. Nikaona ni kubahatisha tu. Bi Mkubwa ndiye aliyenifungua macho nimwangalie anayetaja mwisho. Kama mwenzie kasema dola 900 na yeye anahisi bei iko juu zaidi, anasema 901, basi, amemfungia mwenzie mlango kwa dola moja. Na kama anahisi wote watatu wamepitiliza, anasema dola moja peke yake. Siku niliyosikia mtu akitaja dola moja kwa makochi yale nilicheka hadi chai ikanimwagikia. Bi Mkubwa hakucheka. Alisema yule ndiye pekee aliyewasikiliza wenzake.

Ujanani alifanya kazi kwenye kiwanda cha mafriji hapa hapa Dayton. Friji ikitokea kwenye skrini hakuwa anatazama rangi wala ukubwa. Alikuwa anainama mbele, anatazama bawaba za mlango, kisha anataja bei. Mara nyingi alipatia kuliko wale wanne. Mashine ya kahawa au simu, alikosea vibaya sana, na akikosea alilaumu waliopanga bei.

Gurudumu la kipindi hicho ndilo lililomkalisha kimya. Lina namba 20, kuanzia senti 5 hadi dola moja, zikipanda kwa tano tano, ila zimechanganywa. Unazungusha mara moja au mbili, jumla yako ikizidi dola umetoka. Sasa ile dola moja yenyewe imepakana na 15 upande mmoja na 5 upande wa pili. Likikosa kwa nafasi moja tu, umeanguka kutoka juu kabisa hadi chini kabisa. Aliyepanga namba zile alikuwa na roho ngumu, na alijua anachofanya, maana watu hawaachi kuzungumzia karibu nipate. Akitua kwenye dola moja anapewa 1,000 na kuzungusha tena, na huko akiipata tena ni 25,000. Wanaingia watatu watatu, na wa kwanza ndiye mwenye mtihani, maana hajui wenzake watapata nini. Wa mwisho hana cha kufikiri, anafukuza namba iliyopo. Bi Mkubwa alikuwa na sheria yake: wa kwanza akiwa na 65 azungushe tena, akiwa na 70 akae. Mtu akikaa na 55 alimsema hadi kipindi kinaisha.

Kuna na Plinko, mchezo mwingine wa kipindi hicho hicho, ulioingia mwaka 1983, ambapo unaangusha kisahani juu ya ubao wa misumari kinashuka kikigongagonga. Katikati chini pana 10,000. Kushoto kwake sifuri, kulia kwake sifuri. Ni ujanja ule ule wa gurudumu.

Hivi ndivyo nilivyoanza kuona kwamba ukubwa wa zawadi si kitu sana. Kitu ni namna ilivyowekwa: imezungukwa na nini, unaweza kupoteza nini ukiifuata, na ukiipata utaifanyia nini. Nilikuwa naona hayo nikiwa nimekaa. Kuyajua kwa vitendo kulinigharimu aibu.

Kila mwaka mwezi wa nane sisi Waswahili wa hapa tunakodi banda kwenye bustani ya mji, tunachoma nyama, watoto wanakimbia. Nikisema Waswahili nina maana ya wote tunaoelewana kwa Kiswahili: Watanzania wachache, Wakenya, Warundi, na Wakongo wengi wa Fizi, Uvira na Kalemie. Mwaka 2017 kamati ilinipa kazi ya michezo, kwa kuwa nilikuwa sichoki kuwahadithia habari za tivii za Bi Mkubwa.

Nikaamua kuiga Let's Make a Deal, kipindi kile kilichoanza mwaka 1963 kikiendeshwa na Monty Hall: milango mitatu, nyuma ya mmoja kitu cha maana, nyuma ya mwingine garasa. Wao garasa wanaliita zonk. Linaweza kuwa mbuzi, gari bovu, lundo la makopo. Mimi nilitundika vitenge vitatu kwenye kamba. Nyuma ya kimoja televisheni ya inchi 32, nyuma ya kingine gunia la mchele, nyuma ya cha tatu tofali nililolifunga kwa karatasi ya zawadi yenye utepe mwekundu. Tiketi dola tano.

Kabla hata sijaanza, mzee mmoja wa Kigoma, ndiye anayetuswalisha, akaniita pembeni.

“Mwanangu, hii dola tano ni ya nini?”

“Ya kuchezea, mzee.”

“Anayekosa anarudishiwa?”

“Harudishiwi, mzee.”

“Basi jina lake unalijua.”

Hakulitamka. Alikwenda kukaa na wenzake upande wa nyama, wakatupa mgongo hadi mwisho. Nami, badala ya kusimamisha, nikaendelea, maana tiketi zilishauzwa.

Halafu akaja mama mmoja wa Uvira, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, amevaa kitenge chake kizuri na kilemba. Akachagua pazia la tatu. Nilikuwa na maikrofoni, na nilishajifunza kupiga kelele kama wale wa kwenye tivii. Nikampa boksi, nikamwambia afungue mbele za watu. Watu walicheka hadi kukaa chini. Mimi nilicheka kwenye maikrofoni. Yeye aliliangalia tofali, akalizungushia karatasi yake vizuri, akalifunga kwenye kitenge cha begani, akaondoka nalo. Hakuaga.

Kesho yake nikamsimulia Bi Mkubwa, nikitegemea atanituliza. Akaniuliza, “Wale wanaokwenda kwa Monty Hall wanavaa nini?” Nikamwambia wanavaa vichekesho, huyu kuku, huyu karoti. Ni kweli, wenyewe tu walianza kuvaa hivyo ili mwendesha kipindi awaone kwenye umati, ikawa ndiyo desturi. “Mtu aliyetoka kwake amevaa kama kuku,” akasema, “ameshakubali kuchekwa kabla hujamcheka. Mama yako alikuwa amevaa nini?”

Nguo yake ya kanisani, nikamjibu.

Akaniambia na kingine ambacho sikukijua: kamera zikizimwa, aliyepata garasa haendi na mbuzi nyumbani, anapewa kifuta jasho. Mimi niliiga kicheko, kifuta jasho sikukiona kwa sababu hakionyeshwi.

Jumapili iliyofuata nilikwenda na mume wangu na mfuko wa mchele kupiga hodi kwa yule mama. Alitupokea vizuri, akatupa chai. Tofali lilikuwa mlangoni, limewekwa kuuzuia mlango usijifunge. Hakulitaja, nasi hatukulitaja.

Mwaka wa pili nilifuta tiketi. Zawadi zilichangwa na wenye maduka na sisi wenyewe, mchezaji haingii na senti yake. Nilipoanza kuangalia vipindi kwa jicho hilo nikakuta ndivyo vilivyo vingi vya zamani: anayesimama kwenye gurudumu au kwenye milango anahatarisha alichopewa na kipindi, si cha mfukoni mwake. Anaweza kurudi nyumbani mikono mitupu, lakini hawezi kurudi amepungukiwa. Mzee wa Kigoma nilimfuata mapema nikamweleza. Alisikiliza, akauliza nani katoa mchele, nikamtajia. Mwaka ule alikaa mbele.

Tatizo la mwaka ule likawa lingine kabisa. Nilitaka mchezo wa kubahatisha maneno yaliyofichwa herufi zake, kama Wheel of Fortune ya kwenye tivii, ambao Bi Mkubwa alikuwa anautazama jioni. Kule, kwenye raundi ya mwisho, mshindi alikuwa anachagua mwenyewe konsonanti tano na vokali moja, halafu anapewa sekunde 15. Kila mtu akawa anachagua zile zile: R, S, T, L, N na E. Mwaka 1988 wakaona isiwe taabu, wakazitoa herufi zile bure kwa wote, wakawaacha wachague tatu nyingine na vokali moja, na muda wakaukata hadi sekunde 10. Nikaona na mimi nitoe herufi moja bure. Nikatoa A.

Kitendawili changu cha kwanza kilikuwa methali. Ukiweka A peke yake inasomeka hivi: _A_A_A _A_A_A _A__A _A_A_A. Nilikuwa sijamaliza kubandika karatasi ya mwisho, bustani nzima ikaitikia “Haraka haraka haina baraka!” Mshiriki mwenyewe hakupata hata nafasi ya kufungua mdomo, nami nikabaki na ubao mkononi.

Kiingereza kina maneno yanayoanza na kuishia kwa konsonanti, na kwenye kipindi kile vokali inauzwa, dola 250 kila moja. Kiswahili kimejaa vokali. Ukimwonyesha Mswahili mahali vokali zilipo umemwimbia wimbo mzima, kilichobaki ni kuitikia. Ikabidi nigeuze: konsonanti ndizo bure, K na N na M, na vokali zisifunguliwe mpaka mwisho. Na methali nikaziacha kabisa, nikaandika vitu vya nyumbani ambavyo mtu anavijua lakini havitaji kila siku, kama kibanio cha nguo, mfuniko wa birika. Wakongo walilalamika kwamba birika sio neno, wao wanasema vingine. Hilo nalo lilituchukua robo saa, na sijui kama lilipaswa kuwa sehemu ya mchezo, ila lilichekesha kuliko mchezo.

Wheel of Fortune ndiyo iliyompa Bi Mkubwa kisa alichokipenda kuliko vyote. Zamani, tangu ilipoanza mwaka 1975 hadi miaka ya themanini mwishoni, mshindi wa raundi hakupewa fedha. Aliingizwa kwenye duka pale pale studio, akaanza kununua kwa hela aliyoshinda: meza, taa, saa ya ukutani. Hela ikibaki kidogo isiyotosha kitu cha maana, anatafuta kitu cha bei hiyo. Kuna mbwa mmoja wa kauri, mweupe mwenye madoa meusi, alinunuliwa namna hiyo mara nyingi hadi akawa maarufu. Bi Mkubwa aliamini Ohio peke yake ina mbwa wa kauri wa kutosha kujaza kanisa. Mwaka 1987 kipindi cha jioni kikaondoa duka, wakaanza kutoa taslimu, na mchezo ukaenda kasi zaidi, maana kutazama mtu ananunua taa kunachosha.

Nikamuuliza je, taslimu ni bora siku zote? Akanipa habari ya binamu wa marehemu mumewe aliyeshinda boti. Marekani zawadi ni kipato, unalipa kodi kwa thamani yake sokoni, hata kama wewe dukani usingeinunua kwa nusu ya bei hiyo. Boti ikaja, kodi ikaja, na nyumba yake iko katikati ya mashamba ya mahindi. Akaiuza kwa hasara ili alipe. Mdogo wangu aliye Birmingham akaniambia Waingereza nao walikuwa na Bullseye, mchezo wa vishale wa Jim Bowen ulioanza mwaka 1981, nako boti za kasi zilikuwa zawadi ya kutajika, na ukishindwa unafunuliwa uone ulichokikosa. Angalau kule zawadi haikatwi kodi. Tangu nisikie ya boti, zawadi zetu za bustanini ni mchele, mablanketi na kadi za mafuta ya gari. Televisheni sikuileta tena.

Mwaka 2019 nikakosea kwingine. Niliwaambia watoto kwamba kila mmoja atabaki na pointi zake azibadilishe na vitu mwishoni. Waliopata za kutosha mapema wakaacha kujibu, wakakaa kula chipsi. Kumbe Jeopardy!, mchezo wa maswali wa kwenye tivii, ile ya kwanza ya mwaka 1964 iliumwa na ugonjwa huo huo. Wote watatu walikuwa wanaondoka na hela waliyoshinda, kwa hiyo mtu akifikisha anachokihitaji anatulia, hata kwenye swali la mwisho la kuweka dau anaweka kiduchu. Iliporudi mwaka 1984 wakaamua fedha ni za mshindi peke yake, wengine wapewe zawadi nyingine. Watu wakaanza kucheza hadi dakika ya mwisho. Nami nikafanya hivyo, ila kwa watoto kila aliyeshindwa nampa peremende za kutosha, maana mama zao wapo.

Siku hiyo hiyo mtoto mmoja wa Kirundi, miaka kumi na miwili hivi, alinimaliza kwenye ndoo. Ndoo tatu, chini ya moja pana kadi ya mafuta. Alichagua sawa mara nne mfululizo, wazazi wakawa wanaruka. Nilidhani kuna mtu anamkonyeza. Baadaye akaniambia mwenyewe, bila hiana: “Anti, ukishaficha unaigusa tena ile yenye kadi.” Kweli, nilikuwa naiweka sawa kwa kidole. Wenzangu wa kamati wakataka tumnyang'anye. Mimi nikawahadithia habari ya Michael Larson, mtu wa Lebanon, mji ulioko nusu saa kwa gari kutoka hapa kwetu, aliyewahi kuendesha gari la kuuza askrimu. Alikaa nyumbani akirekodi Press Your Luck, mchezo wa tivii wa kubonyeza kitufe kusimamisha mwanga kwenye ubao wa zawadi, kwenye kanda za video, akagundua kwamba ule mwanga unaokimbia kwenye ubao haukimbii ovyo: una mapito matano tu, yanarudiwa. Akayakariri. Mwaka 1984 akapanda jukwaani, akabonyeza na kubonyeza hadi akafikisha dola 110,237. Walitafuta kosa lake wasilione, wakamlipa, kisha wakaongeza mapito ya mwanga. Bi Mkubwa aliitazama siku ile kwenye tivii yake. Anasema yule bwana alikuwa anashangilia kabla mwanga haujasimama.

Tukamwachia mtoto kadi zake. Mimi nikajifunza kukunja mikono.

Zile ndoo tatu zilileta ugomvi na nyumbani. Mume wangu ni fundi umeme, mtu wa hesabu, na hakubali kushindwa. Nilimwambia: ukichagua ndoo moja, nami ninayejua nikafunua nyingine isiyo na kitu, nikakupa nafasi ya kubadili, badili. Akasema zimebaki mbili, ni nusu kwa nusu. Nikamwambia hata maprofesa walisema hivyo mwaka 1990, mwandishi Marilyn vos Savant alipoandika jibu hilo la kubadili kwenye jarida la Parade akapokea barua kama 10,000, nyingi za kumsuta, na yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Hakukubali. Tukachukua vikombe vitatu na karanga, tukacheza mara 30 mezani, yeye akibadili kila mara. Alipata 21. Akakaa kimya, akala karanga yenyewe, akasema vikombe vina kasoro.

Ingawa Bi Mkubwa naye alikuwa na neno: Monty Hall halisi hakufungwa na kanuni hiyo. Aliweza kukupa fedha mkononi uuache mlango, aongeze, aongeze tena, na wewe hujui anakuokoa au anakuzuga. Hesabu ya vikombe inamhitaji mtu asiye na hila.

Mara ya mwisho kuongoza michezo nilileta shindano la bei, wa karibu bila kupita, kama la saa tano asubuhi. Nilipanga kapu kutoka duka la Kiafrika: unga wa muhogo, mafuta ya mawese, majani ya chai, pilipili, na mfuko mkubwa wa dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika. Risiti ilisema dola 74. Mume wangu alirekodi kwa simu, na Jumatatu nikampelekea Bi Mkubwa aone.

Kapu lilipotokea akanishika mkono. “Simamisha. Usiniambie.” Akasogeza miwani, akainama mbele vile vile kama kwenye friji. Akaangalia unga, akaangalia chupa ya mawese, akawatazama dagaa kwa muda mrefu. Akasema dola 31.

Nikaachia video. Wa kwanza akasema 50, wa pili 80, wa tatu 51 kwa ujanja. Wa nne alikuwa yule mama wa Uvira. Hakusikiliza mtu. Alikwenda mezani, akaushika mfuko wa dagaa, akaupima kwa mkono kidogo, akasema 72.

“Huyo amejuaje?” Bi Mkubwa akauliza.

“Samaki ni wa kwao.”

“Wale wadogo hivyo? Mwenye duka ni mwizi.” Akaegemea kiti, akakaa kidogo. Kisha akaniambia nirudishe nyuma, pale anapoupima mfuko.